Vipimo vya Miguu Katika Diski Moja

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha kazi cha binti yangu, nikisubiri mashine ituambie kama vipimo vya miguu ya watu mia mbili bado vipo au vimekwenda na maji.

Binti yangu ni fundi wa kompyuta. Majirani humwita Polepole, kwa sababu hata mteja afoke vipi, yeye kwanza huandika daftarini, hubandika karatasi juu ya mashine, ndipo ashike bisibisi. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Alipoifungua redio ya marehemu baba yake akiwa na miaka tisa, alizipanga skrubu kwenye sahani kwa mfuatano alivyozitoa, na redio ikarudi kusema. Mimi niliishia darasa la nne. Ninayoyajua ya kompyuta nimeyaokota kwa kumtazama.

Aliwahi kunieleza kwamba diski ni kama nyumba, nayo hugawanywa vyumba wanavyoviita patisheni. Ukifuta patisheni, vitu havitoki papo hapo. Kinachofutika ni maandishi yanayosema chumba kinaanzia wapi na kuishia wapi, basi mashine huona uwanja mtupu. Vitu huangamia ukiandika kingine juu yake.

Mteja alikuwa mzee anayetengeneza miguu ya bandia. Miaka kumi na mmoja amepima mapaja na magoti ya watu waliokatwa miguu, wengine wakikaa mwendo wa siku mbili, na vipimo vyote alivihifadhi kwenye diski ile. Aliomba iongezwe nafasi tu. Binti yangu, kwa uangalifu wake, akataka kwanza kutoa nakala ya kila kitu, na nakala hiyo aiweke kwenye diski yake kuukuu, ya ukubwa uleule, ambayo ilibidi aisafishe kwanza. Akazifunga zote mbili kwenye mashine moja. Mashine ikaganda, akaizima na kuiwasha, na namba za diski zikabadilishana: ya kwanza ikawa ya pili. Siku hiyo hakutazama mara ya pili. Akaifuta ya mzee akidhani ni yake, na kuanza kuisafisha kwa kuandika masifuri juu yake. Alipogundua, alichomoa waya ukutani kwa mkono mzima.

Sikumsikia akilia. Alivua viatu tu. Nikajua mambo ni mazito, maana mwanangu akiogopa huvua viatu.

Akatafuta diski ya tatu, mpya, akainakili ile iliyoumia kipande kwa kipande, kisha programu ya kuokoa akaielekeza kwenye nakala ili ile ya mzee isiguswe tena. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, kuelekea mia. Namba nazijua. Zilipofika arobaini na sita zikagoma.

"Mama, kalale. Ukiikodolea macho haiongezi mwendo."

"Mbona wewe unaikodolea?"

"Mimi ndiye niliyeivunja."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa. Tuikodolee wote."

Akacheka kidogo, cheko la puani, akaniwekea shuka begani.

Kulipokucha, programu ilikuwa imeikuta patisheni mahali ilipokuwa. Mwanzo wake ulikuwa umefutika kabisa, sehemu iliyobaki ipo. Mafaili yalirudi bila majina, na namba tu badala yake. Aliyafungua moja moja, akiandika daftarini jina la mtu lililokuwa ndani. Mia moja sitini na tisa yalifunguka. Thelathini na moja hayakufunguka.

"Watu thelathini na moja," alisema. "Watapimwa upya."

Niliwafikiria hao watu kwenye magongo yao, njiani siku mbili. Kisha nikamfikiria mwanangu, na jina lake mtaani. Nasema kweli, nilimfikiria yeye zaidi.

"Mwambie mzee ni umeme," nilinong'ona. "Umeme hukatika kila siku. Nani atakuuliza?"

"Jana haukukatika, mama."

"Anajua yeye?"

"Najua mimi." Alifunga daftari. "Akinikubali nitakwenda naye kwa kila mmoja wao, nimshikie utepe wa kupimia. Asiponikubali, basi."

"Akikutangaza je? Nani ataleta mashine hapa tena?"

Nje tulisikia fimbo ya mzee ikigonga saruji, na sauti yake ya mizaha.

"Hodi! Hodi humu ndani! Miguu yangu imeamka?"

Niliwahi mlangoni. Nilishika komeo, maneno ya umeme yakiwa tayari ulimini, nikiamini kwamba nikitangulia mimi kusema, binti yangu atanyamaza kwa heshima. Akaja nyuma yangu, miguu mitupu kwenye sakafu baridi, akaubandua mkono wangu kidole kwa kidole, taratibu, kama anavyotoa skrubu.

"Shikamoo mzee," alisema kabla hajafungua. "Nimekosea mimi. Nitakueleza yote."

Akavuta komeo, mlango ukafunguka.