Nilivyoikataa kompyuta ya kawaida, na nyimbo za shangazi zikabaki kwenye madaftari

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba nyimbo zake zote zitachapwa ziwe kitabu, na kwamba kitabu hicho atakikagua mwenyewe kwa macho yake. Ninachoandika hapa ni namna nilivyoikwamisha ahadi hiyo dukani, kwa kuchagua vibaya kati ya kompyuta mbili. Sitaongeza chumvi, wala sitajipunguzia lawama.

Shangazi Tusekile anaishi Masoko, wilayani Rungwe. Alianza kutunga nyimbo za kwaya kabla mimi sijazaliwa, zote kwa nota za sol-fa, kwa penseli, kwenye madaftari ya shule. Ana mikato yake ya kuandika ambayo hata mwalimu wa kwaya wa sasa haielewi. Anayechapa ni lazima akae naye bega kwa bega.

Na macho yake yanafifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Mnaoifahamu Rungwe mnaijua mvua yetu. Karatasi ikikaa kabatini huota ukungu. Kwa hiyo madaftari huyaweka darini, juu ya jiko la kuni, pamoja na mbegu za mahindi. Yamegeuka kahawia, lakini ni makavu. Likumbukeni hilo dari.

Sasa nije kwenye kompyuta.

Tangu biashara ilipofanywa huria nchini, Mbeya hakikosekani kitu. Katika duka moja nilikuta desktop za umbo dogo, zile ambazo monitor hukaa juu ya CPU. Model moja, kava moja, ila matoleo mawili.

Ya kawaida ilikuwa na processor ya taratibu, RAM MB 256 na CD-ROM ya kusoma tu. Iliyoongezwa nguvu ilikuwa na processor ya kasi, RAM mara mbili, hard disk kubwa na CD writer.

Muuzaji, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, aliniuliza ni ya kazi gani. Nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu, na kazi ni kuchapa nyimbo za shangazi kijijini.

"Umeme upo huko?"

"Hapana. Jirani ana sola, betri ya gari na inverter ndogo. Huonyesha video."

"Basi mwalimu, chukua hii ya kawaida. Hiyo nyingine inakula umeme. Kwani unachapa nyimbo au unaendesha kiwanda cha chai?"

Waliokuwamo dukani wakacheka. Mimi nikaudhika.

Niseme ukweli wa moyo wangu wa siku ile. Chuoni tulijadiliana sana kwa nini kijiji hupelekewa kilichobaki: dawa zilizobaki, vitabu vilivyobaki. Nilikuwa nimeapa kutoshiriki jambo hilo. Nikamjibu kwamba shangazi yangu si mtu wa daraja la pili.

Akanitazama kidogo. "Mimi nazungumzia betri, mwalimu."

Nikachukua iliyoongezwa nguvu.

Kule Masoko, Baba Ipyana, yule jirani mwenye inverter, alituunganishia nyaya mwenyewe. Windows ikaanza kufunguka, inverter ikalia, kila kitu kikazima. Tulijaribu mara nne.

"Mwalimu, mashine yako ina njaa," akasema. "Deki na TV yangu kwa pamoja havili hivi."

Kumleta shangazi mjini haikuwezekana. Ng'ombe wake wawili hawana mkamuaji mwingine. Nikaamua kutafuta inverter kubwa zaidi na kurudi baada ya wiki mbili. Kompyuta niliiacha kwake, na nikamwagiza hivi: "Shangazi, isipate unyevu. Iweke mahali pakavu kuliko pote humu ndani."

Wiki mbili zikawa nane. Kwanza ilikuwa mitihani ya shule ninayofundisha hapa Tukuyu, kisha mvua ikaharibu barabara.

Niliporudi na inverter ya kuazima, nilikuta monitor mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. CPU sikuiona.

"Shangazi, ile nyingine iko wapi?"

"Ipo juu na mbegu, mwanangu."

"Juu ya moto?"

"Si ulisema pakavu kuliko pote? Mbegu hazijaota ukungu huko hata siku moja. Hiyo ndiyo ingeota?"

Nikapanda darini kuiteremsha. Alitii agizo langu kikamilifu. Mimi ndiye sikutaja moshi.

Fundi wa Tukuyu alipoifungua aliita wenzake waje kuona. "Mwalimu, mlikuwa mnaikausha kama samaki?" Masizi yenye mafuta yalikuwa yameganda kwenye board yote. Haikuwaka tena.

Nilirudi kumweleza shangazi. Ndipo nilipogundua kwamba anageuza shingo ili anione. Katika wiki zile nane, jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa, na hakuwa amemwambia mtu.

"Hili limebaki, ndaga fijo," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa huku akigusa la kulia. "Ila nalo usiliweke foleni."

Najua wapo watakaosema kwamba hata ile ya kawaida ingepandishwa darini. Hapana, wakuu. Ile ingewaka siku ya kwanza, tungeanza kazi siku hiyohiyo, na isingekuwa na sababu ya kuhifadhiwa pamoja na mbegu.

Nimejifunza kwamba nilikuwa nikimpa shangazi heshima niliyoitunga mimi. Sikumuuliza hata mara moja anataka nini, na aliyeniuliza mimi maswali ya maana nilimwona ana dharau.

Nimerudi kwa yule muuzaji. Zile za kawaida ndizo zilizotangulia kuisha.

Maoni na lawama nitazipokea. Lakini kabla ya hayo naomba jambo moja: kama unayo kompyuta ndogo ya aina hiyo ya kawaida, hata iliyotumika, na uko Mbeya, Tukuyu au karibu, tafadhali niandikie hapa chini leo.