Mchezo wa Nyumba za Kokoto

Mwaka 1997, boti zilipokuwa zikishusha wakimbizi wa Burundi kwenye ufuko wa ziwa karibu kila wiki, Honorata aliombwa aache kwa muda darasa lake la chekechea katika mtaa wa Gungu akawafundishe watoto wa kambi ya mapokezi, nje kidogo ya mji. Alikubali bila kusita. Alikuwa Muha, na Kiha chake na Kirundi cha wale watoto vilielewana bila mkalimani.

Alipewa turubai moja na watoto arobaini. Siku ya kwanza alileta maharage ya kuhesabia. Kufika mchana hakukuwa na hata punje. Watoto wengine walizitafuna mbichi, wengine walizificha mifukoni wapeleke kwao. Hakumgombeza mtu. Kesho yake alikwenda ziwani akajaza ndoo ya kokoto.

Kokoto ziliwachangamsha. Walizipanga kubwa kwa ndogo, nyeusi kwa nyeupe, wakaruka mara nyingi kadiri ya kokoto alizonyanyua mwalimu, wakiimba kwa Kirundi *rimwe, kabiri, gatatu*, moja, mbili, tatu, mpaka vumbi likatimka. Ndipo Honorata akaleta mchezo ambao kule Gungu ulipendwa kuliko yote. Kila mtoto achore duara chini, hiyo ndiyo nyumba, kisha aweke kokoto moja kwa kila mtu wa kwao.

Agnesi, msichana wa miaka mitano, aliweka nane. Honorata alimfahamu. Mtoto huyo aliishi na bibi yake tu, hema la tatu kutoka kisimani.

"Hesabu tena, mwanangu. Hapa kambini mko wangapi?"

Mtoto akamtazama. Akatoa kokoto moja, akasema, "Mama." Akatoa ya pili, "Baba." Akataja kaka zake wawili, dada yake, na mtoto mchanga ambaye hakumpa jina. Zikabaki mbili.

Waliokaa karibu naye walikuwa wakimwangalia. Mmoja akaanza kutoa za kwake, kisha mwingine, na punde turubai zima likawa linatoa kokoto, kila mmoja akinong'ona majina ya watu wake. Honorata alisimama katikati yao. Alitaka kuwaambia waache, hakuwaambia.

Asubuhi iliyofuata Agnesi hakuja. Alikuja bibi yake.

"Shikamoo, mama," Honorata alimwamkia.

Bibi hakuitikia. "Nilimwambia wanakuja na boti nyingine. Miezi mitatu nimemshikilia kwa neno hilo, anakula, analala. Jana karudi ananiuliza kwa nini mwalimu kawatoa."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukujua. Na mimi nitamwambia nini sasa?"

Bibi akajifunga kanga upya, akaondoka.

Zilipita wiki mbili ndipo Agnesi akarudi. Aliruka na wenzake, alipanga kokoto kubwa kwa ndogo bila kukosea, lakini katika kuhesabu aliishia *kabiri*. Wenzake wakifika kumi, yeye alifunga mdomo. Honorata alimjaribu kwa vizibo vya soda, kwa vidole, kwa nyimbo. Mtoto alimsikiliza kwa adabu, akaishia palepale. Nyumbani Honorata alimweleza mumewe, Bonifasi, naye akasema watoto husahau. Honorata akamwambia kuwa huyu hajasahau chochote, hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mwezi wa tano malori yalikuja kuwahamishia kambi ya mbali. Agnesi alipandishwa na bibi yake, akakaa juu ya gunia. Honorata alimpungia mkono. Bibi alimwona, akageuza uso. Mtoto alikuwa anatazama upande wa ziwa. Honorata hakupata habari zao tena, ingawa kwa miaka mingi alimuuliza kila aliyetoka huko.

Jumatatu baada ya malori kuondoka, boti ilishusha watoto wengine thelathini na watatu. Honorata alifagia chini ya turubai, akawakalisha, akaanza na kuruka. Nyumba hakuwaambia wachore.