Mwanafunzi Niliyemrudisha Somo la Kwanza

Admin, ficha jina langu, ingawa nilipofikia sina mengi ya kuogopa. Nina miaka themanini na mbili, mwalimu mstaafu, naishi mtaa wa Tena kwa binti yangu. Moyo umechoka, daktari hazungumzii tena miaka.

Miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa masomo katika chuo kidogo Buruburu, kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye chuo alikuwa mzungu. Vijana wa kwao walikuja kwa mwezi mmoja kusomea kufundisha Kiingereza, kwa sababu kwao mafunzo yale yalikuwa ghali, na hapa kodi na mishahara yetu ilikuwa nafuu. Lakini hawangehitimu bila kufundisha watu halisi wasiojua Kiingereza. Basi tuliwakusanya majirani, tukawafundisha bure. Wao ndio waliokuwa mtaji wetu, na hawakujua.

Shida ni kwamba mtu akishaelewa, hafai tena kwa mazoezi. Kila mwezi walimu wapya, kila mwezi somo la kwanza. Nikapata ujanja: sikumpandisha mtu darasa.

Mama Auma alibeba marobota katika kiwanda cha mablanketi. Ndiye aliyetuletea wanawake wenzake kumi. Angeondoka yeye, wangeondoka wote. Baada ya miaka miwili aliniambia akicheka, "Mwalimu, hata paka wa hapa sasa anajua kutaja jina lake kwa Kizungu. Mimi nitatoka lini darasa la watoto?"

"Bado, mama," nikamjibu. "Msingi haujakaza."

Siku moja alikuja mbio. Kiwandani walitaka karani wa stoo, na alihitaji barua yangu tu kwamba Kiingereza chake kinatosha. Kilitosha. Kilizidi. Nilimtazama usoni nikasema, "Mama, nikiiandika nitakuwa nawadanganya wakubwa wako."

Hakubishana. Alikunja leso yake, akasema, "Sawa, Mwalimu. Wewe ndio unajua." Kesho yake alirudi, akaketi mbele, akamtajia mwalimu mgeni jina lake.

Alibeba marobota hadi mgongo ukapinda. Chuo kilifungwa zamani, lakini kila nikifumba macho naisikia sauti yake ikirudia somo la kwanza, taratibu, kwa utiifu.

Na bado kila Jumapili akitoka kanisani huniletea uji wa wimbi. Huwaambia wajukuu wangu, "Huyu mzee alivumilia mjinga kama mimi." Juzi alichukua chupa ya dawa yangu, akasoma maandishi yote ya Kiingereza, hata onyo la chini lililonishinda kwa macho haya mabovu. Akacheka: "Nimebahatisha tu, Mwalimu. Si unajua kichwa yangu ni ngumu."

Nikimwambia, nitamrudishia akili yake na papo hapo kumwonyesha maisha niliyomnyima. Nikinyamaza, atakuja kunizika akijiona mjinga, tena akinishukuru.

Ninyi mnaosoma, mngekuwa Mama Auma, mngetaka kujua? Niambieni kabla ya Jumapili.