Kipimo Changu Kilisema Mota Ni Nzima

Niseme tu mwenyewe, maana Ujiji nzima inajua. Huko nje ya nchi ninakoishi, kazi yangu ni kupima indaktansi, yaani namna koili inavyokaidi mabadiliko ya umeme, kwenye saketi zilizopozwa mno hadi umeme unapita bila kizuizi chochote.

Nilikuja kumzika baba. Tukiwa tunamsubiri dada kutoka Dar, jokofu la maiti tulilokodi, alimolazwa baba, likaanza kunguruma ovyo. Mama akataka aitwe fundi wa majokofu ya samaki. Mimi, daktari mzima wa fizikia ya baridi, nikaona nadharauliwa. Nikatoa kipimo changu, nikapima koili za mota. Namba zikaja safi.

“Mota ni nzima,” nikatangaza. “Msifungue mlango. Mashine zangu huchukua siku mbili kupoa.”

Wakanitii. Siku ya pili dada akafika, mlango ukafunguliwa, watu wakarudi nyuma. Yule fundi akaitwa. Akaweka kiganja kwenye bomba la ndani, lililopaswa kuwa baridi kama barafu.

“Gesi yote ya kupozea imevuja, Daktari. Mota inazunguka bure. Kwani hukuligusa bomba?”

Mama, pua kaiziba kwa khanga, alinigeukia asikie nitajibu nini.