Kijiko cha Kukwangulia Mgongo

Wajukuu wangu wanajua: nikikuta sufuria ya ugali imeachwa na ukoko, mtu atairudia, hata kama ameshavaa yunifomu ya shule. Uchafu haubakizwi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomwambia daktari.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa akichonga vinyago na mabakuli hapa Shauri Moyo. Mwaka jana miguu ilianza kufa ganzi, akawa anakwenda kibandani kwake kuchonga ameshikilia kuta. Hospitalini tukaambiwa ana uvimbe ndani ya uti wa mgongo, karibu na shingo. Asipopasuliwa hatatembea. Akipasuliwa, labda.

"Utautoa na nini?" mzee akamuuliza daktari. Mwingine angeuliza kama atapona.

Daktari akatuonyesha picha kwenye simu. Chuma chembamba, kirefu kama penseli, na mwishoni kijiko kidogo kama punje ya dengu, kingo zake kali. Akasema uvimbe unakwanguliwa nacho, polepole.

Mzee akacheka. "Hiki ninacho. Changu ni kikubwa tu."

"Basi ukipona utanifundisha kuchonga twiga," daktari akamjibu.

"Kwangua yote," nikasema mimi. "Usiache hata chembe."

Baada ya upasuaji daktari akatuambia amebakiza kidogo, pale uvimbe uliposhikana na neva. Angeendelea, angeikata. Nilimkemea palepale koridoni.

"Mtu hafui shati nusu!"

"Pole, mama," akasema. Basi.

Miguu haikurudi. Mzee akawa wa kulala tu, akitazama mabati, nami kila nikimgeuza namlaani daktari. Siku moja akachoka kunisikia. Akaniambia nivute bakuli lililokuwa chini ya kitanda, ambalo hakuwahi kulimaliza, pamoja na kisu chake kilichopinda ncha.

"Likwangue ndani. Wewe si unataka yote?"

Nikaketi kwenye stuli nikakwangua. Ndani kulikuwa na doa jeusi kwenye mbao, nikalifuata.

"Sikiliza, mlio umebadilika," akasema. "Acha hapo."

"Niache vipi na doa bado liko?"

Nikakwangua tena kidogo, kisu kikatokea upande wa pili. Akalichukua bakuli, akapitisha kidole kwenye tundu, akakichezesha mbele ya uso wangu.

"Doa limetoka, mama watoto."

Tangu siku hiyo simlaani daktari tena. Lakini hilo halijamsaidia mtu. Kile kilichobaki kimekua, na kliniki wametuambia hawatakwangua mara ya pili. Sasa ganzi imeingia mikononi. Jana kikombe kilimponyoka, chai ikamwagika kwenye blanketi.

"Visu vyangu vipeleke soko la Gikomba," akasema. "Viuze kabla havijashika kutu."

Nilifuta chai. Visu sijavipeleka, wala sijui ninaviwekea nini.