Nilimpeleka Bibi kwenye korona ya zamani akamwone Babu, tukakuta ukuta umefunikwa mapambo

Wakuu, habari za saa hizi. Mlioko maofisini na sisi wa vibarua, wote nawasalimu.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimeandika ovyo nirekebisheni taratibu.

Mimi ni wa Sindeni, Handeni. Naishi na Bibi, mama yake mama yangu. Babu sikumkuta. Alifariki mama akiwa hata shule hajaanza.

Enzi za Ujamaa Babu alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Korogwe. Nyumbani alirudi mwisho wa mwezi.

Picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kwenye kadi ya chama. Siku wanahamia kijiji cha ujamaa mvua iliwakuta njiani na mizigo kichwani. Kadi ikalowa, sura ikafutika yote.

Sasa mwaka huu Bibi kaanza kusema kitu kinachoniumiza sana. "Mume wangu, sura ya babu yako inanitoka. Nikifumba macho naona shati tu."

(Kwetu bibi kumwita mjukuu wake "mume wangu" ni utani wa kawaida, msianze maneno yenu huko chini.)

Basi kuna jamaa yangu alikwenda kwenye sendofu akaweka picha status. Ukumbi wenyewe ni korona ya zamani. Siyo ile korona ya barakoa, ni lile jengo la kuchakatia mkonge. Wamelikarabati likawa makumbusho, mashine zimo humohumo, na wikiendi wanalikodisha kwa sherehe.

Nyuma ya bibi harusi kulikuwa na picha za kizamani ukutani. Nikavuta skrini, nikasoma: WAKATA MKONGE, MIAKA YA UJAMAA. Nikamuuliza jamaa ni shamba gani. Lilelile la Babu!

Wakuu, mimi nikiwaza jambo zuri naliona limeshatokea. Nilimkimbilia Bibi jikoni nikamwambia, "Jumamosi nakupeleka ukamwone Babu."

Sikusema tukamtafute. Nilisema ukamwone. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi Bibi aliamka kabla yangu. Kaoga, kajipaka mafuta, katoa kanga mpya aliyokuwa anaitunzia Idi.

Nikamtania, "Bibi, unaenda kuolewa?"

"Naenda kwa mume wangu. Ulitaka niende na matambara anicheke?"

Nilicheka, tukatoka kuwahi gari.

Kwenye gari la Korogwe aliongea njia nzima. Jinsi Babu alivyokuwa anakuja na makapi ya singa, zile nyuzi za mkonge, yeye Bibi anamsokotea ngata ya kubebea mzigo kichwani. Wenzake walikunja tambara tu. Ngata ya Bibi ilikuwa na mkia unaoning'inia upande wa kushoto, ili Babu akitua mzigo aifunge kiunoni isipotee.

"Walikuwa wanamcheka, wanasema mke wako kakufunga kamba kama mbuzi," akasema. Akacheka peke yake mpaka konda akageuka.

Tulishuka, tukachukua boda mpaka kwenye korona. Jengo refu, bati jipya, ukuta uleule wa zamani. Bibi akasimama mlangoni akavuta pumzi. Akasema harufu haipo. Zamani ukifika pale maji ya mkonge yanakupiga puani kabla hujaliona jengo.

Tukaingia.

Wakuu, nilichoka. Ukuta mzima umefunikwa vitambaa vyeupe kuanzia juu mpaka chini. Mimi mjanja nilichagua Jumamosi, siku ya harusi! Picha zote ziko nyuma ya mapambo.

Dada mpambaji yuko juu ya ngazi, pini mdomoni. Akamwamkia Bibi. Nikamweleza shida yetu.

"Kaka yangu, nimebana pini tangu alfajiri na watu wanaingia saa nane. Nikifungua hapa bwana harusi atanila nyama. Njooni Jumatatu."

Nikamgeukia Bibi nimwambie turudi. Kanga yake mpya bado ina mikunjo ya dukani.

Bibi akamwambia yule dada, "Usifungue mwanangu. Nitapita kwa nyuma."

Akaniomba simu yenye tochi, akainama, akaingia nyuma ya kitambaa.

Sitalisahau lile tukio. Mimi na mpambaji tumesimama, tunaangalia kivimbe kinatembea polepole nyuma ya kitambaa cheupe, kina mwanga kwa ndani. Kinasimama. Kinasogea. Kinasimama tena. Dada wa watu akatoa pini mdomoni.

Karibu na kona kivimbe kikasimama, hakikusogea tena. Nikahesabu pumzi zangu.

"Mume wangu mdogo," sauti ikatoka, "njoo umwamkie mume mkubwa."

Nikapenya mbio.

Picha ina wanaume sita wamepanga mstari. Bibi kamulika wa mwisho. Mzigo umemlalia mbele, majani ya mkonge yamemfunika uso wote, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni.

Chini ya mzigo, upande wa kushoto, unaning'inia mkia wa ngata.

"Shikamoo Babu," nikasema.

Nikaanza kumwomba Bibi msamaha, nilimuahidi sura. Hata hakunisikiliza. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kioo, pale kwenye yale majani, kama mtu anayejaribu kuyasogeza.

Akasema taratibu, "Angetua kidogo tu, nikamwona."

Tulipotoka, mpambaji alimpa ua moja la mapambo. Bibi alilishika mkononi mpaka Sindeni.

Nilichojifunza: usimuahidi mzee kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiona. Na wapigeni picha wazee wenu, sura ionekane vizuri, siyo kila siku mnajipiga nyie na chipsi.

Lakini wakuu, uzi huu nimeufungua kwa sababu nina shida. Mpiga picha wa zamani akitoka mjini mpaka shambani, sidhani kama alipiga moja akaondoka. Wenye wazee waliofanya kazi mashamba ya Korogwe, Mashewa, Mkumbara, hebu angalieni kwenye masanduku ya nyumbani. Wanaume sita, wa mwisho ana kamba ya singa.

Kama ni ile ambayo wameshatua mizigo, kamba itakuwa kiunoni. Mkiiona wekeni hapahapa, hata kama imechakaa. Kila jioni Bibi ananiuliza kama kuna aliyejibu.