Kina Bibi Yuliana wa Tumaratu

Msimu wa karafuu ukifika, harufu ikaanza kupanda kutoka kwenye mikeka iliyoanikwa kando ya barabara, Nontje Wowiling hukosa utulivu. Mumewe akimwona anazungukazunguka jikoni bila sababu humwambia, "Leo tena umeshaenda Tumaratu." Naye hakatai. Amestaafu zamani na magoti hayamruhusu kupanda milima ya Minahasa, lakini moyo haujui kustaafu.

Enzi zake alikuwa muuguzi wa wilaya. Alipita kituo hadi kituo akikagua kama wagonjwa wako salama: maji ya kunawa yapo, dawa zimepangwaje, sindano zilizotumika zinatupwa wapi. Aliogopwa. Gari la wilaya likionekana kwenye kona, manesi walianza kukimbizana.

Mara ya kwanza alipofika kituo cha Tumaratu, juu milimani, mkuu wa kituo, mganga msaidizi Alfrets Pangkey, alimpokea kwa sakafu inayong'aa, kahawa, na ndizi za kukaanga na pilipili yake. Nontje akamuuliza kama kumewahi kutokea kosa kwa mgonjwa.

"Kosa? Hapa?" Alfrets akatabasamu. "Labda kuzidisha sukari kwenye hiyo kahawa, dada."

Akampa alama za juu. Walipokuwa wakiteremka mlima, dereva akashindwa kujizuia. "Dada Nontje, mimi nilikwenda kujisaidia huko nyuma. Sindano chafu zote wamezificha kwenye banda la nguruwe."

Nontje aliona wamemfanya mjinga.

Msimu wa karafuu uliofuata alipanda lori la wachumaji, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa kama mkulima yeyote. Bila sare nyeupe hakuna aliyemtambua. Pembeni yake alikaa bibi mmoja mzito wa kusikia, Yuliana Mamahit, aliyemsimulia kwa sauti ya kupasua masikio kwamba amekuja kwa kikohozi, na kwamba zamani sindano ya penisilini ilimvimbisha uso mpaka wajukuu wakamkimbia.

Nesi Selvi akachungulia mlangoni. "Bibi Yuliana!"

Yuliana Mamahit akainuka, akaingia. Mlango ulibaki wazi. Nontje akamwona Selvi akivuta dawa kwenye sindano.

"Nesi, hiyo dawa gani?"

"Penisilini, mama. Ya kidonda chake cha mguu."

"Subiri. Huyu hana kidonda."

Mwishoni mwa benchi bibi mwingine akanyanyua mguu uliofungwa bendeji. "Yuliana wa kidonda ni mimi. Nilikuwa nimesinzia."

Selvi akaiweka sindano chini. Alfrets akatoka ofisini, akamtambua Nontje. Akamgeukia Selvi. "Vua sare. Nenda nyumbani."

"Hapana," Nontje akasema. "Aende wapi? Kaa, Alfrets. Nawe Selvi, kaa. Jambo hili limewahi kutokea?"

Aliyejibu ni Yuliana Mamahit, baada ya kupigiwa kelele sikioni kuelezwa kilichotokea. "Mbona mwezi uliopita nilipewa dawa ya kunywa ya huyu wa mguu? Nikanyamaza. Ilikuwa tamu kuliko yangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata Selvi akacheka huku machozi yanamtiririka.

Alfrets hakucheka. Alisema polepole, "Ningekwambia, ungeniandika. Ungeniandika, wangenitupa visiwani Talaud, na mama yangu mgonjwa yuko hapa. Ungekuwa wewe ungesema?"

Swali hilo lilimchoma Nontje. Miaka yote alidhani anakagua usalama, kumbe gari lake ndilo lililowafundisha watu kuficha. Alikaa nao mpaka jioni, wakazungumza. Tangu siku hiyo, Tumaratu hakuna aliyeguswa kabla ya kutaja mwenyewe jina lake, la ukoo na ugonjwa uliomleta. Sindano chafu zikachimbiwa shimo. Na kila Nontje alipokuja, kahawa haikumiminwa mpaka Alfrets amesema kwanza kilichoharibika.

Makao makuu hawakufurahi. Mkubwa wake alimwita. "Vituo vingine havina kosa hata moja. Hawa wako wana makosa tele, nawe unawasifu?"

"Hivyo visivyo na kosa ndivyo vinavyoninyima usingizi, bwana."

Tuzo ya mwaka ilikwenda kwa kituo kingine, chenye maua mazuri getini. Alfrets aliposikia alisema tu, "Basi na sisi tupande maua," wakacheka mpaka kahawa ikapoa. Selvi alikuja kuwa mkuu wa kituo baada yake. Siku hizi jengo ni jipya, la vioo, na wakaguzi hutumia simu.

Mwaka huu Nontje alimwomba mumewe ampeleke kwa pikipiki, polepole. Alimkuta Alfrets barazani kwake, mzee, akichambua karafuu na mkewe. Alfrets hakumsalimu kwanza. Alisogeza kiti na kusema, "Jana nimemeza vidonge vya presha vya mke wangu badala ya vyangu."

Nontje akavua viatu, akaketi. "Haya, tueleze. Ilikuwaje?"